Bluu isiyo na makuu: Pelikan 4001 kwenye kaunta buku ya Kigoma

Nianze na rangi maana ndo swali la kwanza la kila anayekiona kichupa mezani kwangu, "bluu gani hiyo Mwalimu?", na mi huwa sina jibu la neno moja. Chupani wino unaonekana mweusi tu, ukiinamisha chupa juani ule utepe mwembamba unaobaki kwenye kioo unatoa zambarau, na hapo mtu keshakata kauli, hiyo zambarau bwana sio bluu. Sasa wino hauhukumiwi chupani, wala kwenye picha ya simu, wala kwenye lile doa kubwa ambalo watu wanapaka kwa pamba kwenye kadi halafu wanakwambia ndo rangi yake. Doa lina wino mwingi kuliko mstari wowote utakaokuja kuandika maishani, nani anaandika kwa pamba? Wino unahukumiwa kwenye karatasi yako, kwa nibu yako (ile ncha ya chuma ya peni ya wino), na kwa mwandiko wako huohuo mbaya.

Huu ninaouongelea leo ni wino wa peni za kujaza, Pelikan 4001, ile Royal Blue ambayo Wajerumani wenyewe wanaiita Königsblau. Zipo chupa za mililita 30 na za mililita 62.5, yangu ni ile ndogo, ilikuja na basi kutoka Dar ikiwa imevishwa soksi na kutumbukizwa kwenye dumu lililokatwa shingo, mdogo wangu hana mchezo na mizigo ya watu. Kampuni ni ya Hannover, ipo tangu miaka ya 1830, na yule Günther Wagner ambaye jina lake lilikaa kwenye bidhaa zao miaka nenda rudi alikichukua kiwanda mwaka 1871. Mi ni mwalimu wa historia, tena nafundisha Ujiji, ukinitajia 1871 unategemea nini? Ntafika huko, vumilia kidogo.

Rangi kwanza. Niliandika sentensi ileile kwenye karatasi ya rimu, kwenye kaunta buku na nyuma ya bahasha ya kaki, nikazipanga dirishani asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwenye rimu ni bluu safi inayoegemea upande wa zambarau, sio ule upande wa kijani. Ukiweka pembeni yake mstari wa biki ya bluu, biki inaonekana ina ukijivu fulani na hii inaonekana imechangamka, halafu ukiipeleka pembeni ya muhuri wa ofisi ule wa zambarau unashangaa mwenyewe, kumbe ni bluu kabisa na wala hakuna cha kubishania. Ndo maana nasema rangi moja peke yake haiambii macho kitu, lazima uipe jirani. Wino ukiwa bado mbichi unakuwa umekoza na unang'aa, ukikauka unapoa, nguvu inapungua kidogo na ile zambarau inajitokeza zaidi. Kama hujui hilo utaandika mstari wa kwanza ufurahi, ukirudi na chai uanze kuulizana na watu nani kaubadilisha wino.

Karatasi nayo inachangia sana. Karatasi nyingi za rimu zimewekewa dawa ya kung'arisha, ya jamii ileile inayowekwa kwenye sabuni za unga, inachukua ule mwanga wa jua ambao macho hayauoni na kuurudisha ukiwa bluu, kwa hiyo karatasi inakuwa nyeupe kupitiliza na wino wa bluu juu yake unapata nguvu ya bure. Kaunta buku yangu haina mbwembwe hizo, weupe wake una ukijivu na mistari yake yenyewe ni ya bluu hafifu, hivyo wino uleule unatulia, unakuwa bluu ya mtu mzima. Kwenye kaki ndo umepotea kabisa, unaonekana kama umeandikwa mwaka juzi.

Usiku ni habari nyingine. Balbu ya njano haina bluu ya kutosha kwenye mwanga wake kwa hiyo wino unazama, unakaribia nyeusi, na ile zambarau huioni tena. Taa nyeupe za LED zinaurudisha lakini unakuwa wa baridi hivi, hauna uhai. Umeme ukikatika ukawasha tochi ya simu unapata bluu ya tatu. Na ukijaribu kupiga picha simu inajipangia weupe yenyewe, inaikamata ile zambarau na kuitupa, unabaki na bluu ambayo sio yako wala ya Pelikan. Kwa hiyo mtu akiniomba picha ya rangi namwambia njoo Ujiji asubuhi.

Kuna rafiki yangu aliniambia andika tu kwamba ni bluu ya ziwa, watu wataelewa. Ziwa lipi sasa? Mtu aliyewahi kukaa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, asubuhi anajua maji yanaanza na rangi ya jivu, jua likipanda pembezoni yanachukua ukijani, kule mbali kwenye kina kirefu yanakuwa na bluu ambayo hamna kiwanda kitaiweka chupani, na jua likianza kushukia upande wa Kongo hamna bluu hata ya dawa. Aliyesema bluu ya ziwa hajakusaidia.

Haya, tuje kwenye tabia maana rangi ukishaizoea huioni tena, tabia unaishi nayo kila siku.

Mi naandika sana kwa mkono, andalio la somo, azimio la kazi, notisi za darasani, na yote yanakaa kwenye kaunta buku. Karatasi ya kaunta buku sio karatasi ya kalamu ya wino, tukubaliane. Wino wa peni hizi ni maji yenye rangi, na vidawa vya kuufanya utiririke na usiote ukungu, basi. Kinachozuia maji yale yasikimbie na nyuzi za karatasi ni gundi inayowekwa kiwandani, wanga, utomvu wa misonobari au kemikali zingine za kazi hiyo, na karatasi ya bei rahisi inawekewa kidogo. Kwa hiyo unaandika herufi safi, unaiangalia, inaanza kuota ndevu. Kwanza zile herufi zenye mikia, afu zote. Upande wa nyuma nako wino umeshatokeza madoadoa, ukurasa wa pili umekwenda.

Hapa Kigoma kuna na suala la msimu. Kuanzia Oktoba mvua zikishaanza mpaka zinapoisha Mei hewa ina maji, karatasi nayo inanyonya yale maji ya hewani, unaishika daftari imelegea haina ule mlio wa karatasi kavu, na wino uliokuwa na adabu mwezi wa saba ukifika mwezi wa tatu unakuwa mhuni. Mtu wa Dodoma akiusifia wino mi namsikiliza kwa heshima zote ila najua kaujaribu kwenye karatasi kavu. Kipimo changu mi ni Machi, mvua imenyesha usiku kucha, daftari limelala kwenye begi, asubuhi unaandika tarehe na mada juu ya ukurasa. Hapo ndo wino unaonyesha kalelewa wapi.

Na Pelikan hii imelelewa. Wenye uzoefu na wino wanaiita kavu, maana yake haitoki kwa fujo, inatoka kwa kipimo, na huko kwa wenzetu wenye karatasi nzuri huo ndo ubaya wake, wanalalamika kwamba nibu inakwaruza na mstari unakuwa mwembamba kuliko ilivyotakiwa. Kwetu huo huo ubaya ndo unaotuokoa. Wino mchache kwenye karatasi mbovu ni ndevu chache. Machi ile ile, daftari lile lile, Pelikan ilitoa vindevu vidogo kwenye nibu ya M, ile ya wastani, na kwenye nibu ya F, ile nyembamba, hamna kitu, na nyuma ya ukurasa unaona kivuli tu, unaandika pande zote mbili bila shida. Kwa mtu anayenunua kaunta buku za kwaya tatu kwa hela yake mwenyewe pande mbili ni jambo kubwa, sio urembo.

Ila ukavu huo unataka peni inayoendana nao. Nina Jinhao moja ya Kichina ambayo inamwaga, ukiipa wino laini inakojoa kabisa, samahani kwa lugha lakini ndo inachofanya. Ukiipa Pelikan inatulia, wanaelewana. Nina na Hero 616, ile iliyoigizwa kutoka Parker 51, nibu yake imefunikwa na kichwa cha peni inachungulia ncha tu, hiyo ni bahili tangu kuzaliwa, ukiipa huu wino bahili mnakuwa mabahili wawili na mwandiko unakatika katikati ya neno. Kwa hiyo mtu akikwambia Pelikan inakwama muulize kwanza kaiweka kwenye nini. Wao wenyewe Pelikan peni zao zinasifika kwa kutoa wino mwingi, nahisi ndo maana wino wao hawakuuhangaikia kuulainisha.

Kukoza na kupauka ndani ya herufi moja ipo kiasi. Kwenye rimu, kwa nibu ya M, mkunjo wa chini wa herufi unabaki na wino zaidi unakuwa mweusimweusi, kichwa kinapauka, inapendeza. Kwenye kaunta buku hiyo inakufa, karatasi inaunyonya wino sawasawa. Mng'ao mwekundu juu ya bluu ambao watu wanaupigia kelele siku hizi hamna hapa, na mi sijautafuta.

Nimewahi kuulinganisha na wengine. Waterman Serenity Blue, ile ambayo zamani iliitwa Florida Blue, ni nzuri kuliko hii kwa rangi, nasema ukweli, ina joto na imeshiba, na peni inateleza hata mwandiko unanyooka, lakini Machi ilinipitia mpaka ukurasa wa tatu. Naitumia kiangazi kwenye karatasi za rimu. Quink ya Parker ya bluu, ambayo ipo sokoni tangu 1931, haina ubaya wala uzuri, inaandika, imetulia, ukiikuta stationari chukua. Kon-peki ya Pilot, ya kwenye ile familia ya Iroshizuku iliyotoka 2007, niliachiwa kidogo kwenye bomba la sindano na jamaa mmoja aliyepita huku kikazi, hiyo ni bluu ya angani ya mchana kweupe na kwenye karatasi yake nzuri aliyokuja nayo nilikaa kimya. Nikaiweka kwenye kaunta buku. Ikawa bluu tu kama bluu zingine, na kila bluu yake imegharimu hela. Niliyobakiwa nayo nimeitunza kwa ajili ya kadi za harusi.

Mtu ambaye hukumu yake naiogopa kuliko zote ni mzee wangu mmoja mstaafu wa reli, jirani, alikuwa karani enzi za wino wa chupa na leja za kubebwa na watu wawili. Nikampelekea karatasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Mwalimu. Lete."

Hakuangalia upande niliouandika. Akaigeuza, akaangalia mgongo wa karatasi kwanza, akapitisha kidole kama anatafuta kitu, akasema mgongo mzuri. Afu akaigeuza, akalamba dole gumba akalipitisha juu ya jina langu, bila kuniomba ruhusa, bluu yote ikamfuata. Akaniangalia.

"Wino wa wanafunzi huu. Kwenye leja yangu usingeingia."

Nikamwambia mzee lakini ni wa Ujerumani. Akasema hata meli ya Liemba ni ya Ujerumani na imeshazama. Akauliza bei, nikamtajia, akaniuliza kama walimu tumeongezwa mshahara.

Na kapatia, tena bila kusoma popote, maana kule Ujerumani huu ndo wino wa shule kabisa. Umetengenezwa ili utoke. Watoto wana kalamu maalumu yenye ncha mbili, moja ina maji ya dawa, unapitisha juu ya ulichokosea bluu inapotea, ncha ya pili ni wino wa bluu ambao haufutiki, unaandikia juu ya palepale. Inavyofanya kazi sio kwamba rangi inaondoka, rangi inabaki kwenye karatasi ila molekyuli yake imevurugwa umbo, ile dawa inajishikiza katikati yake na ule mpangilio uliokuwa unaushika mwanga unavunjika, inakuwa haina rangi. Bado ipo, haionekani tu. Mi hili jambo lilinifurahisha kupita kiasi, nililieleza staff nzima nikaona watu wanachukua vikombe vyao wanaondoka.

Hiyo kalamu ya kufutia huku sijaiona dukani lakini dawa tunayo jikoni. Tone la jiki kwenye ncha ya njiti, gusa herufi, hesabu kidogo, herufi imekwenda. Hiyo sio Pelikan peke yake, wino mwingi wa bluu wa kawaida hauna ujanja mbele ya jiki. Maji matupu nayo nilidondosha tone juu ya mstari nikaliacha litulie, nikalikausha kwa tishu, kilichobaki ni kivuli, unasoma kama unajua kilichoandikwa, kama hujui pole. Jua je? Nilibandika karatasi kwenye dirisha langu la magharibi, lile linalopigwa na jua la mchana mpaka linapozama, nusu nimeifunika kwa kadibodi. Baada ya wiki kadhaa nusu iliyofunikwa iko vilevile, nusu iliyokaa juani imechuja vibaya, ile zambarau imetangulia kuondoka na kilichobaki ni bluu ya huzuni. Rangi za jamii hii haziwezi jua, hamna siri, usiandikie tangazo la kubandika ukutani.

Wanafunzi wangu waliomba tufanye ile ya kuchanganua rangi kwa kitambaa cha karatasi, unachora mstari wa wino, unachovya ukingo kwenye maji, maji yanapanda yanabeba rangi. Wakaweka na maka pen nyeusi pembeni, ile nyeusi ikafunguka ikatoa rangi tele, watoto wakashangilia, Pelikan ikapanda bluu kwa bluu mpaka juu. Mmoja akasema huu wino hauna siri. Nikampa maksi ingawa lilikuwa somo la historia.

Sasa 1871. Mwaka huo huo ambao bwana Wagner anachukua kiwanda cha wino Hannover, Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, yuko Manyema ng'ambo ya ziwa letu, ameishiwa. Hana karatasi, hana wino. Akachukua kurasa za gazeti la zamani la London akawa anaandika kwa kukatiza juu ya maandishi ya gazeti, na wino akajitengenezea kwa mbegu za mmea ambao wenyeji walikuwa wanapakia nguo rangi. Kwa wino huo ndo aliandika mauaji ya watu waliokuwa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwezi Julai 1871, kitu alichokiona kwa macho yake. Oktoba akarudi Ujiji akiwa hoi, na muda si mrefu Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, akatokea na lile salamu lake la "Dr. Livingstone, I presume?" ambalo kila mgeni anayekuja makumbusho yetu anataka kulirudia akipigwa picha.

Wanaokuja wote wanaongelea salamu. Mi nawaza zile karatasi. Ule wino wa mbegu ulififia mpaka ikafika mahali maandishi yake hayasomeki kwa macho, gazeti lililochapwa chini linasomeka na shajara iliyoandikwa juu haisomeki, yaani matangazo ya biashara ya London yakamshinda nguvu mtu aliyekuwa anaandika damu. Yeye mwenyewe alikuja kuinakili kwenye daftari lake, lakini nakala ni nakala, mtu akinakili anachagua maneno. Ilibidi wataalamu wazipige picha zile kurasa kwa mianga ya rangi mbalimbali, mmoja mmoja, wazichambue kwa kompyuta, na maandishi ya mwanzo yakatolewa hadharani mwaka 2011. Miaka 140. Wakati huohuo tuna barua za zamani kuliko hizo zilizoandikwa kwa wino wa chuma na zinasomeka bila miwani. Kila nikiwafundisha kidato cha tatu hii mada nawaonyesha na karatasi yangu ya dirishani, ile iliyochuja, wanaelewa haraka kuliko nikiongea.

Wanafunzi wananiuliza kama wanaweza kufanyia mtihani peni ya wino. Maelekezo ya mtihani wa taifa yanataka bluu au nyeusi, na hii ni bluu, kwa hiyo kosa hamna, lakini mkono wa mtu kwenye mtihani unatoka jasho na we umeshaona dole gumba la mzee wa reli limefanya nini. Chukua biki mwanangu, upendo wa wino uendelee ukishamaliza kidato cha nne.

Na nyingine kabla sijasahau, ukienda stationari ukasema nataka wino wa peni, usishangae kupewa kichupa cha wino wa muhuri, tena muuzaji anakuapia kwamba ni uleule. Sio uleule. Wa muhuri umetengenezwa ukae kwenye pedi bila kukauka, ni mzito, ukiingia kwenye peni hautoki tena kwa amani. Wa printa pia hapana. Wa kuchorea ule mweusi wenye gundi ndo usiuguse kabisa, ukikauka ndani umezika peni.

Turudi kwenye leja maana mzee wa reli alinigusa pabaya. Mi ni katibu wa kikoba chetu mtaani, na kitabu cha hisa na mikopo nilikuwa nakiandika kwa biki. Mama mweka hazina wetu akaona andalio langu la somo mezani, akaipenda ile bluu, akasema Mwalimu mbona sisi unatuandikia kwa kalamu ya kawaida na shule unawapa hiyo nzuri? Sikubishana naye. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi 500,000 kwa Pelikan, nikaomba jiki jikoni kwake, nikagusa sifuri moja. Ikabaki 50,000 na kadoa kalikolowa.

Akaiangalia ile karatasi muda mrefu. "Kwa hiyo mtu akiamua, hela yangu anaifulia?"

"Ndiyo mama."

Akachukua kitabu cha kikoba mezani akakiweka chini ya mto wa kiti, akakikalia.

Tukakubaliana nitafute wino wa kitabu. Nimeagiza bluu-nyeusi, ya Pelikan hiyohiyo, mfululizo uleule wa 4001 ila humo ndani kuna chuma. Hii ni kanuni ya kale sana, chumvi ya chuma na asidi inayotokana na yale manundu ya mti wa mwaloni, na Uingereza vitabu vya kusajili vizazi na ndoa viliandikwa kwa wino wa namna hii miaka mingi. Ukiandika inatoka bluu iliyofifia, hiyo ni rangi tu ya kukusaidia uone unachoandika, halafu hewa inaingia, kile chuma kinashikana na oksijeni, mstari unaanza kuwa mweusi ukiwa ndani ya nyuzi za karatasi. Maji yakija yanachukua ile rangi ya juu, chuma kinabaki. Jiki inaweza kula ile bluu, hata weusi inaweza kuufifisha, lakini chuma kinaacha doa la kumshtaki aliyegusa, na anayewaza kuchana ukurasa mzima akumbuke kurasa zetu zina namba. Masharti yake ni kwamba ni wino wenye asidi, usiulaze ndani ya peni mpaka ukauke, unaiosha peni kwa maji safi mara kwa mara, na peni yenyewe isiwe ile unayoipenda kupita zote. Nimeipa Jinhao. Kwenye kaunta buku nao haujaota ndevu, ni mkavu kama ndugu yake.

Rangi yake siisifii. Ni ya kijivukijivu, ya kiofisi, mzee wa reli alipoiona ndo kwanza akatabasamu, akalamba dole gumba akapitisha, akapitisha tena, akarudisha karatasi bila neno. Shida imebaki kwa mama mweka hazina, ambaye kila mkutano anafungua kitabu kukagua kabla hatujaanza, na wiki iliyopita alisimamisha kikao kizima ameshika ukurasa juu ili kila mtu aone.

"Mwalimu, hela ya Jumapili ile imeiva. Hii ya leo mbona bado mbichi?"